BOMU HALINA KIBLA



Ndugu zangu katika imani, baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo naomba mnivumilie. Darsa hii ni ndefu kidogo, na ndani yake kuna jambo langu mwenyewe ambalo nimelibeba kwa zaidi ya miaka 20.

Mwezi wa Mei 2025, India na Pakistan ziliporushiana makombora na droni kwa siku nne, kijana mmoja anayefuatilia ukurasa huu alinitumia klipu. Mlima unatikisika, vumbi linapanda, watu wanapiga takbira. Chini yake ameandika: "Ustadh, weka hii ukurasani ummah ufurahi. Na sisi tuna bomu."

Sikuiweka. Nilimjibu tu, "In shaa Allah nitakuandikia." Nimechelewa, lakini ahadi ni deni. Kijana wangu, na wewe unayesoma, jibu langu ni hili.

Tena usidhani sikuiweka kwa sababu siijui habari ya mlima ule. Naijua vizuri. Niliushangilia kabla wewe hujazaliwa.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 28 Mei 1998. Nilikuwa na miaka 19, nasoma kwa maalim wetu Tanga. Jioni tulikuwa barazani, redio ya betri imetegwa idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mtangazaji akasema Pakistan imelipua mabomu ya nyuklia chini ya ardhi, kwenye milima ya Chagai, mkoa wa Balochistan. Sisi vijana tuliruka. Mmoja wetu alipiga takbira mpaka majirani wakatoka nje. Tulikumbatiana kama siku ya Idi. Maalim wetu hakuruka. Alizima redio, akasema, "Haya, twendeni tukaswali Isha." Nilimwona mzee wa watu hana habari na dunia.

Sasa tuanze na historia, maana anayeshangilia jambo asilolijua atakuja kulilia asilolitarajia.

Pakistan haikuamka siku moja ikatengeneza bomu. Mwaka 1971 ilipigana vita na India ikashindwa vibaya. Nusu ya nchi, upande wa mashariki, ikakatika ikawa Bangladesh. Mwezi Januari 1972, Zulfikar Ali Bhutto, ambaye alikuwa ameshika nchi wiki chache tu kabla, aliwaita wanasayansi mjini Multan akawaambia anataka bomu. Huyu ndiye aliyekuwa amesema, katika miaka ya 1960, kwamba India ikipata bomu basi Wapakistani watalipata lao hata kama itawalazimu kula majani.

Mwaka 1974, tarehe 18 Mei, India ikalipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Rajasthan, mahali panapoitwa Pokhran. Ilisema ni mlipuko wa amani. Ndugu yangu, hebu jiweke mahali pa Mpakistani siku ile. Umeshapigwa, umeshagawanywa, na jirani aliyekupiga sasa ana silaha ambayo wewe huna. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Mimi leo siwakejeli.

Ndipo akatokea mtu anaitwa Abdul Qadeer Khan. Alikuwa mtaalamu wa metali, akifanya kazi Uholanzi katika shughuli za kurutubisha urani. Mwishoni mwa 1975 alirudi kwao na ujuzi alioupata kule, na mwaka 1976 kikaanzishwa kituo cha Kahuta, karibu na Islamabad. Kazi yake ilikuwa kuzungusha gesi ya urani katika mashine zinazokwenda kwa kasi kubwa mno, ili kuitenga ile sehemu chache inayofaa kwa bomu na ile nyingi isiyofaa. Sambamba na kituo hicho ilikuwepo Tume ya Nishati ya Atomiki chini ya Munir Ahmad Khan, iliyoandaa bomu lenyewe na mahandaki ya majaribio.

Bhutto hakuliona bomu lake. Jeshi lilimpindua mwaka 1977, na Aprili 1979 alinyongwa. Jenerali Zia-ul-Haq aliyempindua aliiendeleza kazi ile ile. Viongozi walipinduana, walifungana, waliuana, lakini bomu lilikuwa ndilo jambo moja walilokubaliana wote.

Kisha ukaja mwezi wa Mei 1998. Tarehe 11 na 13, India chini ya Waziri Mkuu Vajpayee ililipua mabomu matano pale pale Pokhran. Marekani ilimbembeleza Waziri Mkuu wa Pakistan, Nawaz Sharif, asijibu, ikamuahidi misaada. Barabarani wananchi walikuwa wanamtaka ajibu. Tarehe 28, saa 9 na dakika 15 alasiri kwa saa za kwao, kitufe kilibonyezwa. Mabomu yalikuwa ndani ya handaki lililochimbwa kwenye tumbo la mlima katika safu ya Ras Koh, na mdomo wa handaki umezibwa kwa zege. Mlima ulitikisika, rangi yake ya kahawia ikapauka ikawa nyeupe, na waliokuwepo wakapiga takbira. Serikali ilitangaza milipuko mitano. Tarehe 30 ikaongeza mmoja katika jangwa la Kharan, ikawa sita. Siku ile hadi leo inaitwa kwao Yaum-e-Takbir, Siku ya Takbira. Sanamu za ule mlima zikasimamishwa mijini.

Hiyo ndiyo klipu yako, kijana wangu.

Lakini kuna mambo ambayo klipu haionyeshi. Usiku ule ule serikali ilitangaza hali ya hatari na kuzifungia akaunti za fedha za kigeni. Watu walioweka dola zao benki, wengine wakiwa wamezichuma kwa jasho la Ughaibuni, waliambiwa hawawezi kuzichukua kama walivyoziweka. Amana za watu! Sisi Tanga tulikuwa tunakumbatiana, na kule kuna mwenye fedha zake alikuwa anatazama mlango wa benki.

Na klipu haiwaonyeshi wenyeji wa ule mlima. Wale ni Wabulushi. Wabulushi si wageni kwetu sisi watu wa pwani: babu zao walikuja Unguja na Mombasa wakiwa askari wa watawala wa Oman, na Mombasa kuna msikiti unaoitwa kwa jina lao mpaka leo. Ardhi ya Chagai ina shaba na dhahabu, na watu wake ni miongoni mwa maskini wa nchi ile. Miaka yote hii wamekuwa wakilalamika juu ya maradhi, mifugo na maji yao. Serikali inasema hakuna mionzi iliyotoka mlimani. Mimi si mwamuzi wa hilo. Ninachojua ni kwamba tarehe 28 Mei, wakati wengine wanasherehekea, wapo Wabulushi wanaoiita siku nyeusi. Ni Waislamu kama wewe.

Sasa nirudi kwangu.

Miezi miwili na siku kadhaa baada ya takbira zetu pale barazani, nilikuwa Dar es Salaam kwa mjomba wangu, Kinondoni. Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, kama saa 4 na nusu asubuhi, nilikuwa nakoga josho la Ijumaa. Mlio ukaja. Si mlio wa radi wala wa tairi. Dirisha la choo lilicheza, ndoo ikacheza, na moyo wangu ukacheza. Lilikuwa bomu la ubalozi wa Marekani. Wakati huo huo Nairobi nako kulilipuka.

Unajua hesabu yake. Dar walikufa watu 11. Nairobi walikufa zaidi ya 200, na waliojeruhiwa ni maelfu. Wengi kule Nairobi walisikia mlio wa kwanza, wakakimbilia madirishani kutazama, na mlipuko mkubwa ukawakuta wameegemea vioo. Wapo waliopoteza macho. Makarani, wachuuzi, abiria wa basi, wanafunzi. Waislamu walikuwemo, Wakristo walikuwemo. Na al-Qaida waliofanya vile walikuwa wakilitaja jina la Allah.

Lile lilikuwa gari moja la mizigo kila mji. Bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945, ambalo kwa vipimo vya leo ni dogo, nguvu yake ilikadiriwa kuwa kama tani 15,000 za baruti ya TNT. Chukua malori 1,500, kila moja limebeba tani 10, yalipue yote mahali pamoja kwa pigo moja. Kisha ongeza joto linalowasha mji mzima, na mionzi inayomuua mtu baada ya wiki, baada ya miaka.

Utasema, basi Ustadh ulizinduka siku ile. Hapana, ndugu yangu. Sikuzinduka. Niliwalilia watu wa Dar na Nairobi, na bado nililipenda bomu la Chagai. Akilini mwangu yalikuwa mabomu mawili tofauti: lile la wauaji, na hili la ummah. Mwanadamu anaweza kuishi na vitu viwili vinavyopingana ndani ya kifua kimoja kwa miaka, mpaka Allah amletee wa kumuuliza.

Mwaka 2002 nilikuwa nimeanza kupewa mimbari. Mwanzoni mwa mwaka ule kulitokea mauaji katika jimbo la Gujarat, India. Waliokufa walizidi 1,000, wengi wao Waislamu. Wakati huo huo majeshi ya India na Pakistan yalikuwa yamesimama mpakani uso kwa uso, baada ya bunge la India kushambuliwa Desemba 2001. Nilikuwa na hasira. Nikapanda mimbari nikasema maneno ambayo leo nayaandika hapa kwa aibu. Nilisema: wanaotuchinja Gujarat wakumbuke Chagai, na siku moja bomu la Waislamu litawafundisha adabu. Watu waliitikia. Sauti za kuitikia ni tamu, ndugu zangu. Mwenye kupanda mimbari amwogope Allah na utamu ule.

Baada ya swala alinisubiri mzee mmoja mwenye duka la vitambaa. Wazee wake walitoka Kutch, huko huko Gujarat. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akanishika mkono, hakuuachia. Akasema kwa sauti ya chini ili watu wasisikie:

"Mwanangu, dada yangu yuko Bhuj. Mwaka jana nyumba ilimwangukia kwenye tetemeko, Allah akamtoa hai. Sasa wewe unaomba bomu liende Gujarat. Nataka kukuuliza tu. Likifika, litamjua kuwa ni Mwislamu?"

Sikuwa na jibu. Tetemeko la Januari 2001 liliua watu wapatao 20,000 katika eneo lile, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechangisha sadaka ya waathirika msikitini. Bhuj haiko mbali na mpaka wa Pakistan. Nilisema kitu kama "Allah atawahifadhi." Mzee akaniachia mkono, akachukua bakora yake, akaondoka. Alifariki mwaka 2011 nami sijamjibu. Deni hili ndilo ninalolilipa leo, nikiwa nimeshachelewa kumlipa mwenyewe.

Baada ya siku ile nilianza kusoma. Na kila nilichosoma kilinirudisha kwenye swali la mzee.

Nilisoma kwamba Abdul Qadeer Khan, anayeitwa baba wa bomu la Pakistan, alizaliwa Bhopal, ndani ya India. Nikasoma kwamba mmoja wa wakuu waliosimamia majaribio ya India ya 1998 ni mwanasayansi Mwislamu, A.P.J. Abdul Kalam, ambaye baba yake alikuwa imamu wa msikiti wa mtaani kwao, na ambaye mwaka ule ule wa khutba yangu, 2002, alikuwa rais wa India. Kwa sensa ya 2011, Waislamu wa India ni zaidi ya milioni 170. Sasa niambie, bomu la Waislamu ni lipi na la makafiri ni lipi? Linaloanguka Delhi linaangukia misikiti. Linaloanguka Lahore linaangukia misikiti. Upepo ukibeba vumbi lake hauulizi mpaka uko wapi.

Bomu halina kibla, ndugu yangu.

Najua sasa hivi kuna mtu ameshafungua Suratul Anfal, aya ya 60. Ni haki yake. Aya ile inatuamrisha kuandaa nguvu kadiri ya uwezo wetu, ili adui aingiwe na hofu. Hiyo ni hoja yenye uzito, na wapo wanazuoni wanaoshika aya hiyo kusema kuwa kumiliki silaha hizi ili kuzuia shari inajuzu. Siwatukani, na mimi si mufti. Lakini nakuomba tuyatazame mambo matatu kabla hujaishia hapo.

KWANZA, tazama namna Mtume (s.a.w.) alivyoitumia hofu. Siku ya kuifungua Makka alipiga kambi Marr al-Dhahran na jeshi la watu 10,000. Usiku akaamrisha mioto iwashwe kwa wingi. Abu Sufyan alipoiona jangwa zima linawaka, moyo ulimkatika. Kesho yake Makka ikafunguka kwa damu kidogo sana. Hiyo ndiyo maana ya kumtisha adui ili usimuue. Alhamdulillah, dini yetu inaijua hekima hiyo.

Lakini nyuma ya mioto ile palikuwa na nini? Palikuwa na jeshi lililopewa amri kwamba anayefunga mlango wake yuko salama, anayeingia nyumba ya Abu Sufyan yuko salama, anayeingia Msikitini yuko salama. Jeshi lile lilijua kutofautisha mlango uliofungwa na mlango wa vita. Bomu la nyuklia litautambua vipi mlango uliofungwa? Linaondoka na mlango, na nyumba, na mtaa, na aliyejificha ndani.

PILI, kitisho hiki hakifanyi kazi mpaka uwe tayari kweli kukitekeleza. Ukisema "nitakupiga" na adui akajua hutapiga, hajazuilika. Kwa hiyo mwenye bomu analazimika kuwa na watu wanaokaa usiku na mchana, wamenuia kwamba amri ikija watauchoma mji wenye watoto. Sasa iulize nafsi yako: Mtume (s.a.w.) amekataza kuuawa wanawake na watoto vitani, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Abubakar Swiddiq (r.a.) alipotuma jeshi Sham aliusia wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wasikate mti wa matunda, wasichinje mnyama ila wa kula. Suratul Baqara, aya ya 205, inamsema vibaya anayekwenda katika ardhi akiangamiza mazao na vizazi. Je, inafaa kuweka nia ya kudumu ya kufanya lililokatazwa, kwa matumaini kwamba hutalazimika kulifanya? Hapo ndipo penye uzito. Msipapite haraka.

Wako wanaotaja manjaniki, kwamba mafakihi waliruhusu kurusha mawe kwenye ngome hata kama ndani yake kuna wasio wapiganaji. Ni kweli, suala hilo limo vitabuni. Lakini mafakihi wale walikuwa wakizungumzia jiwe linalobomoa ukuta, wakaliwekea masharti ya dharura. Ukilichukua jiwe la manjaniki ukalipimia kitu kinachoua mji mzima pamoja na watoto ambao hawajazaliwa, hicho si kiasi sahihi. Vitu viwili havifanani kwa sababu tu vyote vinarushwa.

TATU, tazama matunda yake. Hapa lazima niwe mwadilifu. Tangu 1998 India na Pakistan hazijapigana vita kubwa kama ya 1971. Watetezi wa bomu wanasema ndilo lililozuia, na huwezi kuitupa hoja hiyo. Lakini amani imepatikana? Februari 1999 viongozi wa nchi hizi mbili waliweka saini azimio la amani mjini Lahore. Miezi michache baadaye watu wao walikuwa wanauana kwenye milima ya Kargil. Mwaka 2002 majeshi yalisimama mpakani kwa miezi. Februari 2019 ndege za kivita zilivuka mpaka. Aprili 2025 watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir, na Mei tarehe 7 mpaka 10 makombora yakaruka. Kila mara dunia inashika roho, kila mara tunasema alhamdulillah halikutumika, kila mara tunarudi kulala. Watu wa Kashmir hawalali. Mwanzoni mwa 2025 Pakistan ilikadiriwa kuwa na vichwa vya nyuklia vipatavyo 170, na India vipatavyo 180.

Na tunda jingine ni hili. Februari 2004 yule Abdul Qadeer Khan alisimama kwenye televisheni akakiri kwamba ujuzi wa nyuklia ulipelekwa nchi nyingine: Libya, Iran na Korea Kaskazini. Kesho yake akasamehewa na Rais Musharraf. Alipofariki Oktoba 2021 alizikwa kwa heshima za taifa. Mimi namuombea rehema kama Mwislamu. Lakini kile tulichokiita bomu la ummah kilikuwa kimeingia kwenye biashara, na Korea Kaskazini si sehemu ya ummah wowote ninaoujua.

Mtu ataniuliza, "Ustadh, mbona unawasema Waislamu tu? Marekani je? Urusi je?" Swali zuri. Nchi pekee iliyowahi kuwapiga watu kwa bomu hili ni Marekani, Hiroshima na Nagasaki. Marekani na Urusi peke yao wana karibu tisa ya kumi ya vichwa vyote duniani. Ufaransa ilifanya majaribio 17 katika jangwa la Algeria kati ya 1960 na 1966. Urusi ya Kisovieti ililipua mamia ya mabomu Semipalatinsk, katika ardhi ya Wakazakhi, watu wa Kiislamu. Hao hawana uso wa kumhubiria Mpakistani. Lakini dhambi ya mwingine haijawahi kuwa dalili ya kisheria. Kazakhstan yenyewe ilifunga uwanja ule wa majaribio mwaka 1991, kisha ikaziachia silaha ilizorithi. Nao ni Waislamu. Mbona hatuwapigii takbira wao?

Na sisi Afrika tuna la kujivunia ambalo vijana wengi hawalijui. Afrika Kusini ilitengeneza mabomu sita, ikayavunja yenyewe. Mwaka 1996 nchi za Afrika ziliweka saini Mkataba wa Pelindaba mjini Cairo, unaolifanya bara letu kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, na ulianza kazi mwaka 2009. Anayeshangilia bomu akiwa Tanga au Mombasa anashangilia kitu ambacho nyumba yake mwenyewe imekikataa.

Ndugu zangu, nisiwachoshe. Nawaomba mambo matatu.

La kwanza, chunga takbira yako. Allahu Akbar ni neno la kumtukuza Allah juu ya kila nguvu. Ukilitamka huku moyo unautukuza mlipuko, umeligeuza. Ukitumiwa klipu kama ile, isimame kwako.

La pili, ukiwa na hasira kwa dhulma wanayofanyiwa Waislamu popote, na dhulma ipo, hasira yako ipitishe kwenye uadilifu kabla hujaipandisha mimbari au kuiandika mtandaoni. Aya ya 61 inafuata mara tu baada ya ile ya 60: wakielekea amani, nawe elekea. Usisome moja ukafunga Msahafu.

La tatu, waombeeni watu wa India na Pakistan, Waislamu na wasio Waislamu, na Wabulushi wa Chagai, na mama wa Kashmir ambaye hajui usiku huu utaisha vipi.

Ama mimi, nilisema hadharani mwaka 2002, na toba ya neno la hadharani ni hadharani. Nimeirudisha khutba ile. Kama kuna aliyeisikia siku ile akaibeba moyoni, namuomba aitue. Na kama kuna mtoto au mjukuu wa yule mzee wa duka la vitambaa anasoma hapa, amfikishie dua, na ajue kwamba swali lake nimelijibu.

Hapana, mzee wangu. Lisingemjua dada yako.

Ewe Mola wetu, tusamehe yale ndimi zetu zilizotangulia kabla ya akili zetu. Mrehemu mzee yule na wote waliotufundisha kwa upole. Wahifadhi waja wako na moto wa duniani na moto wa Akhera. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.